Chuku za Nanjing na boksi la dawa ya Mama

Najua nimeadimika. Mara ya mwisho niliandika kabla ya mitihani ya Januari 2025, na wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama baridi ya Nanjing imenigandisha. Nipo jamani. Yamenikuta mambo tu, na mengine yalikuwa hayaandikiki mpaka nipumue kwanza. Leo nimepumua.

Nianze na shingo yangu, maana ndiyo chanzo cha yote.

Mwezi wa Disemba iligoma. Sisi wa uhandisi wa ujenzi tunachora mpaka saa saba za usiku, kompyuta ipo mapajani, kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta sindano kwenye jamvi. Asubuhi moja nikaamka siwezi kugeuka kulia. Mtu akiniita upande huo nageuka mwili mzima, kama lori linalotafuta njia pale Darajani. Nikameza vidonge vya maumivu siku tatu, vikanipa kiungulia tu.

Aliyeniokoa ni ayi. Kwa wasiojua, ayi ni dada yake mama, yaani mama mdogo kabisa, na huku kila mama wa makamo anayefagia, anayepika au anayelea watoto wa watu huitwa hivyo. Ayi wa bweni letu ana funguo za vyumba vyote na ana maoni juu ya kila kitu. Ukitoka na nywele mbichi anakurudisha. Ukivaa kandambili bila soksi mwezi wa Novemba anakupigia kelele mpaka ghorofa ya nne wanasikia. Siku ya kwanza aliponiona na mtandio alinisifu sana, akasema huyu ndiye mwanafunzi pekee mwenye akili hapa, anakinga kichwa chake na upepo. Sikumsahihisha. Kwa matabibu wa Kichina upepo ni adui, unaingilia shingoni na kuleta maradhi. Kwetu pia upepo unamwingia mtu, lakini huo ni upepo wa namna nyengine na dawa yake ni ngoma, hahaha.

Halafu maji moto. Wallahi sijapata kuona watu wanaopenda maji moto kama hawa. Nanjing inaitwa mojawapo ya matanuri matatu ya China, pamoja na Wuhan na Chongqing, kwa joto lake la kiangazi. Julai, jasho linachuruzika mpaka kwenye viatu, unaingia mkahawani unaomba maji, unaletewa yanayofuka mvuke! Mie mtoto wa Unguja niliyekulia juisi ya miwa na barafu nililia mwaka wa kwanza mzima. Nilidhani ni mila ya tangu enzi na enzi, kumbe serikali nayo ina mkono wake. Kuanzia 1952 kulikuwa na kampeni ya usafi na afya nchi nzima, na watu wakahimizwa kunywa maji yaliyochemshwa ili waepukane na maradhi ya tumbo. Wazee walikuwa wanasema baridi inaumiza tumbo, wataalamu wakasema kuchemsha kunaua vijidudu, wote wakakutana kwenye chupa ya chai. Sasa hivi na mimi natembea na chupa yangu. Msinicheke.

Basi ayi aliponiona nageuka kama lori akatoa amri tatu. Ya kwanza, kila usiku niloweke miguu kwenye ndoo ya maji moto yenye tangawizi iliyopondwa. Ya pili, nitoke asubuhi nikafanye naye baduanjin, yaani vipande vinane vya hariri, mazoezi ya taratibu ambayo wazee wanayafanya uwanjani: unainua mikono kama unasukuma mbingu, unavuta upinde ambao haupo, unageuza kichwa kuangalia nyuma. Ya tatu, niende hospitali ya dawa za Kichina, hospitali hasa, nisije nikaingia kwenye vile vibanda vya vichochoroni.

Nilitegemea kukuta chumba cha giza na mzee mwenye ndevu. Nikakuta jengo la ghorofa, foleni, namba inaitwa kwenye kioo, eksirei ipo, maabara ipo. Daktari ni mama wa umri wa mama yangu. Akaangalia ulimi, akaniwekea vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono huu, kisha huu, akauliza usingizi, choo, hedhi, na kama miguu yangu inakuwa ya baridi usiku. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza habari za miguu. Maradhi yenyewe wanayaita luozhen, kuanguka kutoka kwenye mto. Mto wa kulalia, si wa maji.

Sindano ni nyembamba kama unywele. Moja aliichoma kwenye mgongo wa mkono, kati ya vidole, akaniambia nigeuze shingo polepole huku ameishika. Maumivu hakuna, ila kuna kitu kizito, kama ganzi ya mkono uliolaliwa, kinapanda. Wanakitafuta hicho, usipokihisi wanaichezesha tena sindano mpaka ukihisi. Kisha akaniambia nilale kifudifudi, akachukua vikombe vya kioo, akapitisha moto ndani upesi upesi, pap! pap! pap! mgongoni. Ngozi ikavutwa juu.

Hapo nikaanza kucheka mpaka daktari akasimama. Ilikuwa chuku! Chuku ya bibi yangu wa Pemba! Nilipokuwa mdogo nilimuona akiumikwa uani: pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, fundi anafyonza hewa kwa mdomo, anaziba tundu kwa nta, pembe inaning'inia yenyewe mgongoni kwa bibi. Tofauti ni kwamba fundi wetu alichanja kwa wembe ili damu itoke, na daktari huyu hakuchanja, na vikombe vyake vilikuwa vimesafishwa. Bibi akimaliza alikuwa anajisifu kwamba amekuwa kijana tena. Na ndiyo maana nashindwa kusema sana juu ya faida zake, maana lugha yetu yenyewe imeshaweka onyo: mtu akizidisha maneno tunasema anapiga chuku.

Mabaka yalikaa kama siku kumi, meusi mekundu, duara duara. Mnakumbuka yale ya Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio 2016? Hayo hayo. Rafiki zangu wa chumbani walisema nimekaliwa na pweza.

Shingo ikalegea. Baada ya mara ya pili nikawa nageuka. Lakini daktari huyo huyo aliniambia pia niinue kompyuta juu ya vitabu na nisikae zaidi ya dakika arubaini bila kusimama, na nilifanya. Sasa sifa nimpe nani, sindano, vikombe au vitabu vya zege vilivyobeba kompyuta? Mie nawapa wote, ila vitabu ndivyo ninavyoendelea navyo mpaka leo.

Wakati nasubiri dawa ya kupaka nilisimama kwenye dirisha la famasi nikashangaa. Ukuta mzima ni visanduku vidogo vya mbao, kila kimoja na jina lake. Dada wa pale alinifungulia viwili vitatu kwa kuwa niliuliza uliza. Cha kwanza kilikuwa na karafuu! Wanaiita dingxiang, manukato yenye umbo la msumari, wanampa mtu mwenye kwikwi na tumbo la baridi. Kingine ubani. Kingine manemane. Harufu ya nyumba yetu siku ya Ijumaa, nipo mashariki ya mbali, machozi yakanilenga. Halafu akaniambia kwamba kitabu kikubwa cha Li Shizhen, kile chenye dawa 1,892, kilichapishwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Nanjing mnamo 1596. Nikapiga picha ya karafuu nikamtumia Mama.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mama yangu ana sukari, huu mwaka wa saba. Anakunywa metformin, na asubuhi kidonge kimoja cha glibenclamide cha miligramu 5. Amechoka navyo. Anayemfahamu mgonjwa wa sukari anajua uchovu huo, hauna tarehe ya kwisha. Nilipomtumia ile picha akanijibu kwa sauti ndefu ya dakika sita. Shoga yake mmoja kamwambia kwamba Wachina wana dawa ya mizizi inayomaliza sukari, haina kemikali, na mtu akishaipata anatupa vidonge. "Na wewe mwanangu upo huko huko kwenye chemchemi, unanipigia picha ya karafuu?"

Mkumbuke kwamba sisi Wazanzibari tuna sababu ya kuwaamini Wachina kwenye tiba. Timu ya kwanza ya madaktari wao ilikuja Zanzibar 1964, na timu hizo zinatoka mkoa huu huu wa Jiangsu, ambao Nanjing ndiyo makao yake makuu. Wamekuwa Mnazi Mmoja, wamekuwa Mkoani kule Pemba kwenye hospitali ya Abdulla Mzee. Mama mwenyewe alinizaa Mkoani. "Aliyekutoa tumboni ni Mchina," akasema, "nisiwaamini vipi?" Nikamwambia Mama nitakutafutia. Neno hilo moja ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ayi alinisikia nikiongea na simu, akauliza kuna nini. Nikamwambia. Kumbe naye ana sukari! Kesho yake akaniletea boksi zima, jipya, limefungwa, la vidonge vyake mwenyewe. Xiaoke wan. Xiaoke ndilo jina la zamani la maradhi haya, kupungua na kiu. Hakutaka pesa. Akasema mpelekee dada yangu. Mtu anayelipwa mshahara wa kufagia ngazi ananipa dawa yake, nikakosa la kusema. Kuna Mzanzibari mwenzetu alikuwa anarudi nyumbani kwa likizo ya mwaka mpya wa Kichina, nikaliweka boksi kwenye mfuko wake tayari, pamoja na soksi na majani ya chai. Ilikuwa katikati ya Januari, Ramadhani imebaki kama wiki sita, na Mama hufunga. Nikaona imekuwa kheri, itamkuta ameshatengemaa.

Siku mbili kabla ya safari nilikuwa na miadi yangu ya tatu hospitali. Nikalitoa boksi mfukoni ili nimuulize daktari vidonge vingapi kwa siku, maana Kichina changu ni cha kuombea chakula na kusomea zege. Akalishika, akaligeuza, akaniuliza Mama anatumia dawa gani sasa hivi. Nikamuonesha picha ya vidonge vya Mama kwenye simu. Akanyamaza. Akaweka kidole kwenye orodha ya vilivyomo, akaniambia soma hapa kwa sauti.

Nikaanza. Mzizi wa huu, mzizi wa ule, ndevu za mahindi (ndiyo, ndevu za mahindi kabisa), kiazi fulani... halafu herufi nne za mwisho. Nikasoma moja moja kama mtoto wa chuoni: ge, lie, ben, niao.

"Tena," akasema.

Ge-lie-ben. Gli-ben. Wadau, damu ilinishuka miguuni. Ni glibenclamide. Ndani ya ile dawa ya mizizi kuna dawa ile ile ya Mama. Haikufichwa hata kidogo, imeandikwa juu ya boksi, na kila vidonge kumi vina miligramu 2.5. Anayekunywa kumi kumi mara tatu kwa siku anapata 7.5. Ongeza 5 zake za asubuhi. Weka juu yake Ramadhani, tumbo tupu tangu alfajiri mpaka magharibi. Daktari akanieleza kwa utulivu sukari ikishuka sana inavyokuwa: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, mtu anaongea vitu visivyoeleweka, kisha anazima. Na kwa dawa hii inaweza kushuka tena baada ya kupandishwa, kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu. Nani pale nyumbani angejua? Wangesema amechoka na saumu, mwacheni alale.

Nikamwambia daktari basi hii dawa ni ya uongo. Akakataa, na kwa ukali kidogo. Akasema ni dawa halali, ipo kwenye kitabu cha dawa cha taifa, na ayi wako anaitumia akiwa na daktari wake na anapimwa. Ni mimi niliyeona neno mizizi nikaacha kusoma. Kweli. Ayi alijua anachokunywa. Mie niliyesoma chuo kikuu ndiye sikujua.

Akaniongezea jambo jengine ambalo nalo lilikuwa njiani kwenda Zanzibar kwa mdomo wangu. Nilitaka kumwambia Mama aloweke miguu kwenye maji moto kama mimi. Daktari akasema mwenye sukari ya miaka mingi miguu inaweza kupoteza hisia, anaungua bila kujua, na kidonda chake hakiponi upesi. Kama lazima, maji ya uvuguvugu, dakika chache, na mtu mwengine ayapime kwa kiwiko. Ile kitu iliyonilaza mie vizuri kama mtoto ingeweza kumkata mama yangu mguu.

Usiku ule nikapiga simu. Nilijiandaa na maneno mazuri, yote yakaruka. Mama akakasirika kwanza. Akasema nimeshakuwa daktari. Kisha akanipiga swali ambalo sikulitegemea: "Na dawa mseto ya malaria, haikutoka kwenye majani ya Wachina hao hao? Mbona hiyo mnatupa tunakunywa?"

Yuko sahihi, na nilimwambia yuko sahihi. Bi Tu Youyou aliipata kutoka kwenye mmea wa qinghao, akiwa amesoma kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4 kinachosema mmea uloweshwe kwenye maji na kukamuliwa, akaelewa kwamba joto ndilo lililokuwa linaua nguvu yake. Akapewa tuzo ya Nobel 2015. Lakini Mama, nikamwambia, kati ya kile kitabu na kile kidonge walifanya kazi miaka. Walijaribu kwa wanyama, 1972 wakainywa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa, wakaipima mpaka miligramu. Na wewe ukipewa mseto unaambiwa vingapi na saa ngapi.

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mie vile vidonge nimeshaviacha. Siku ya tisa leo. Nilikuwa namsafishia njia mgeni."

Alikuwa anausafisha mwili kwa ajili ya dawa yangu. Kwa sababu nilisema nitakutafutia.

Sikulala. Kaka alimpeleka kliniki asubuhi, kipimo kikasoma 17. Daktari wa kule hakumgombeza, alimrudisha kwenye vidonge vyake, akabadilisha mpangilio wake wa Ramadhani na kumwambia siku ambazo asifunge. Hilo la mwisho alilipokea kwa shida kuliko yote. Bado tunabishana nalo, tena anasema kuna mwarobaini uani na mwarobaini hauna boksi la kusoma.

Boksi nikalitoa kwenye mfuko wa yule mwenzetu, mahali pake nikaweka mashine ndogo ya kupimia sukari na vijiti vyake vya kutosha miezi minne. Vikiisha sijui, maana nimeambiwa vijiti vya aina ile Unguja ni vya kutafuta kwa tochi. Mwenye duka anayevijua aniandikie.

Ayi nilimrudishia dawa yake. Niliogopa ataona nimeidharau. Nilimweleza kila kitu, na kale ka Kichina kangu, nikamuonesha zile herufi nne. Akaziangalia akasema anazijua, daktari wake alimwambia asichanganye, ila alidhani Afrika hatuna dawa hiyo. Kisha akafikiri kidogo akasema basi dada yangu tumpe ile isiyokuwa na boksi.

Kwa hiyo kila Jumapili, saa moja asubuhi ya Zanzibar, saa sita mchana huku, naweka simu kwenye kiti ukumbini. Ayi anasimama mbele, na kule Mama yupo barazani na shoga zake wawili, kanga kiunoni, wanasukuma mbingu. Kipande cha nane ni kuinua visigino na kuvishusha, mara saba. Jumapili iliyopita Mama aliishia mara ya nne akakaa kwenye kiti chake anapiga umbea. Ayi akanigeukia: "Mwambie dada bado tatu."